Mwaka wa Maziwa ya Soya

Nilijua ni yeye kabla sijaambiwa jina, kwa sababu alikataa chai. Tulikuwa matangani kwa Bwana Ogola, juu kidogo ya ufuo wa Luanda Kotieno, pale ambapo ukisimama mlangoni unaiona feri ya Mbita ikija bila haraka yoyote. Akina mama wa jikoni walikuwa wanapitapita na mabirika, chai nzito ya maziwa ya ng'ombe, na mwanamke mmoja wa miaka thelathini na kitu, kabeba mtoto begani, akafunika kikombe chake kwa kiganja. "Hapana, mama. Mimi niletee ya rangi. Mimi na maziwa hatupatani tangu nizaliwe." Mwenye birika akacheka. "Yawa! Mjaluo gani hanywi maziwa?" Akapita kwa mwingine. Mimi nilikuwa nimeketi nyuma yake kwenye kiti cha plastiki, mguu mmoja wa kiti umezama mchangani, na chai yangu ikanipolea mkononi. Tangu nizaliwe! Kama kuna mtu aliyebaki duniani anayejua habari za mwanamke huyo na maziwa, ni mimi, na pale nilipoketi hakuna hata mmoja aliyenijua. Mzee mmoja aliniuliza kama nimekuja na watu wa kanisa, nikasema ndiyo, ili aniache.

Habari za kifo nilizisikia redioni, wakati wa matangazo ya vifo, nikichambua sukuma wiki. Walitaja jina la Bwana Ogola, wakataja kazi yake ya zamani kwenye mizani ya miwa kule Muhoroni, wakataja watoto, wakwe, wajukuu, orodha ndefu. Nilisimama na kisu mkononi nikisubiri, sijui nasubiri nini. Jina langu lingetajwa kwa nini? Nilikaa kwake miezi michache tu, hata nusu mwaka haukutimia. Lakini mwanadamu ni kitu cha ajabu. Nilizima redio, nikanuna siku nzima peke yangu ndani ya nyumba, na kesho yake nikavaa gauni la kanisani nikaja kumzika mtu aliyenifukuza.

Habari za kwetu nitaziruka. Nyumba za watu wengi na chakula kichache mnazijua. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, mwishoni mwa miaka ya themanini, nilipoletwa Kisumu kulea mtoto ambaye mama yake alifariki akimzaa. Vilikuwa vyumba viwili Kaloleni, ndani ya nyumba ndefu ya Mama Rukia, mjane Mwislamu aliyekaanga mahamri kila asubuhi na aliyezungumza Kiswahili kilichonyooka mpaka mimi na changu cha kubahatisha tukaona haya. Chumba cha mbele kilikuwa na meza, viti viwili, jiko la mafuta ya taa pembeni, na kalenda ya mwaka uliopita ambayo hakuna aliyekuwa na moyo wa kuitoa. Cha ndani kilikuwa na vitanda, changu na cha mtoto, na nyuma ya mlango, kwenye msumari, gauni la marehemu. La bluu, lenye maua meupe. Mume wake hakuligusa, nami sikuligusa. Ukifunga mlango linayumba kidogo kisha linatulia. Miezi yote ile nililala, nikala, nikaogesha mtoto mbele ya gauni lile, na asubuhi nyingine nililiamkia, oyawore, kwa sababu ilikuwa afadhali kuliko kutomwamkia mtu yeyote.

Bwana Ogola, ambaye mimi nilimwita Baba Adhiambo, alikuwa anafika Jumamosi mchana akinuka molasi, na Jumapili baada ya kanisa anarudi Muhoroni kwenye mizani yake. Hakuwa mtu mbaya. Hakuwa mtu wa maneno, basi. "Mtoto anakula?" "Anakula." "Analala?" "Analala." Halafu anamshika Adhiambo, anamtazama usoni kwa muda mrefu, ananirudishia. Hayo ndiyo yalikuwa mazungumzo yangu ya wiki. Yaliyobaki nilikuwa nayaiba ukutani. Ukuta kati yetu na Mama Rukia ulikuwa mwembamba, na wateja wake walikuwa hawanunui hamri bila kuacha habari. Nilijua nani ameposwa, nani amerudishwa kwao na magodoro yake, ni fundi gani ameharibu nguo ya Idi. Mama Rukia alikuwa na ulimi, akiwachekesha, nami upande wangu nacheka, mkono mdomoni, nisije nikasikika nikicheka kichekesho ambacho sikuambiwa. Siku moja walibishana juu ya jina la mtaa fulani wa zamani, na mimi nikalijibu kwa sauti, kabla sijakumbuka kwamba sipo pale. Kulikuwa kimya kidogo kule, kisha wakaendelea. Nililia siku hiyo. Sijui hata nilikuwa nalilia nini.

Mtoto alinifikia akiwa wa miezi miwili, shingo nyembamba, mashavu hakuna. Walikuwa wanampa maziwa ya ng'ombe yaliyopunguzwa kwa maji, kama watoto wote waliokosa titi, na kila akinywa anajikunja, anatapika, mwili unamtoka vipele, na siku moja nikaona damu kwenye nepi. Tukabadilisha, tukajaribu ya mbuzi. Yale yale. Nikambeba mpaka kliniki ya watoto, na huko ndiko nilikokutana na Sista Wilkista, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha jeshi, ambaye aliitazama ile nepi, akamtazama mtoto, akanitazama mimi.

"Mwili ya huyu mtoto imekataa maziwa ya ng'ombe. Na mbuzi ni ndugu ya ng'ombe, msinisumbue. Kuna ya mkebe imetengenezwa na soya. Mtaitafuta hiyo."

"Soya ni nini, Sista?"

"Ni kama maharagwe."

"Maharagwe? Mtoto wa miezi miwili?"

"Si nyoyo ya mahindi na maharagwe nakuambia upike, Dorsila! Wanatoa protini ndani yake, wanaongeza vile vitu vyote mwili ya mtoto inataka, inakuwa unga. Wewe unakoroga tu na maji umechemsha."

Mkebe ulitoka Nairobi, ukaletwa na mwenye duka la dawa mjini. Ulikuwa na picha ya ganda la kijani lenye mbegu tatu ndani, na kijiko kidogo cha plastiki nilichokuwa nakisawazisha kwa mgongo wa kisu, nisizidishe hata chembe. Unga wenyewe ulinuka kidogo kama karanga zilizoachwa wazi. Adhiambo aliunywa siku ya kwanza akikunja uso, siku ya pili akaunywa, siku ya tatu akaudai. Vipele vikakauka. Damu ikakoma. Mashavu yakaja, yawa, mashavu yakaja mpaka nikawa namshusha mgongoni ili niyaangalie. Bombani wanawake walinicheka, huyo ndiye mwenye mtoto wa kunywa maharagwe, ngojeni akue awe na maganda. Nilikuwa nacheka nao, kwa kuwa kuchekwa nako ni kuongeleshwa. Na alikuwa na tabia moja huyo mtoto: akinyonya chupa anashika sikio langu la kushoto, analipinda taratibu, mpaka usingizi umchukue na mkono uanguke. Nilimpenda. Nisizungukezunguke. Sijawahi kumpenda mtu vile, si kabla, si baadaye, na niliolewa.

Alikuwa wa miezi mitano na kitu mkebe ulipoadimika. Mwenye duka la dawa aliinua mikono, haijafika, labda mwezi ujao, labda ule mwingine. Nilitikisa mkebe wa mwisho nikasikia unga unagonga chini, nikambeba mtoto nikakimbia kwa Sista Wilkista. Alikuna kichwa chini ya kofia yake. Akaniambia kuna kikundi cha akina mama wanaolima soya, yeye mwenyewe anawanunulia watoto waliodhoofika, na akanipeleka jiko la kliniki akanionyesha. Unachagua soya, unailoweka mpaka kesho yake, unaisugua maganda yatoke, unaitwanga na kuisaga mpaka iwe uji, unachanganya maji, unakamua kwa kitambaa safi. Yale maji meupe yanayotoka unayachemsha muda mrefu, huku unakoroga bila kuondoka, kwa sababu yanafura haraka na kwa sababu soya mbichi inaumiza tumbo. Halafu sukari kidogo, mafuta ya kupikia kidogo, na matone ya vitamini aliyonipa kwenye chupa ya kahawia.

"Sasa sikiza vizuri," akasema, akinishika mkono uliokuwa na mwiko. "Hii si sawa na ya mkebe. Ya mkebe imepimwa na watu wanajua. Hii ni ya kutuvusha tu mpaka ile ifike. Kila Jumanne unamleta napima kilo. Na usiongeze kitu. Usipunguze kitu. Umesikia?"

"Nimesikia, Sista."

Na nilikuwa nimesikia. Hilo ndilo linaloniuma mpaka leo, kwamba nilisikia, na nikaamini kwamba nimetii. Soya ya Sista ilikuwa laini. Yangu niliyouziwa na akina mama wale, sijui ilikuwa imekaa ghalani misimu mingapi, ilikuwa ngumu kama changarawe; niliiloweka ikabaki hivyo hivyo, nikaitwanga mpaka viganja vikaota malengelenge, na maziwa yaliyotoka yalikuwa mepesi, yananuka ubichi, harufu ya majani yaliyokatwa. Adhiambo alionja akageuza uso. Nikapika tena, akafunga mdomo. Ilikuwa Jumatano. Kliniki yangu ni Jumanne. Baba yake ni Jumamosi. Mtoto akalia njaa mchana kutwa, na mimi nimekaa kwenye kiti na sufuria mbele yangu, nikimsikiliza Mama Rukia upande wa pili akimweleza mtu namna ya kutuliza tumbo la mtoto mchanga, mwingine kabisa. Ningeinua mkono tu nigonge ukuta. Nilikuwa na miezi mitatu nikisikiliza maisha yake, nikajiona kama mwizi, na mwizi habishi hodi.

Sasa niambie, ni mwanamke gani wa upande wetu anayeshindwa na maharagwe magumu asikumbuke magadi? Nyoyo haiivi bila magadi. Mboga chungu za kienyeji hazitulii bila magadi. Nilikua nikiona kile kipande cheupe kikidondoshwa chunguni kabla ya kitu kingine chochote, mkono unakwenda wenyewe. Nilikuwa nacho kwenye kopo, cha sokoni, cha kupikia mboga zangu. Nikavunja kidogo, nikaweka kwenye maji ya kuloweka, na kidogo tena kwenye sufuria. Wallahi, kama Mama Rukia alivyokuwa akisema, sikuona kwamba nimeongeza kitu. Sukari ni kitu, mafuta ni kitu. Magadi kwetu ni upishi wenyewe, kama vile moto. Soya ikalainika. Harufu ikaondoka. Adhiambo akanywa chupa nzima, akashika sikio langu, akalala.

Jumamosi baba yake alimkuta ameshiba. Nilimweleza habari ya mkebe na habari ya soya, kwa kirefu, ilikuwa mara yangu ya kwanza kumweleza kitu kirefu, na yeye akakaa akasikiliza mpaka mwisho. Akainua sufuria akanusa. "Umefanya vizuri, Dorsila," akasema. Mnajua nimekaa na maneno hayo matatu kiasi gani? Wiki nzima nilikuwa nayarudia nikifua. Jumanne kilo hazikuwa zimepungua, Sista akatikisa kichwa kwa kuridhika, nami nikarudi nyumbani nikiwa mpishi mkuu wa maziwa ya soya Kisumu yote. Na kwa kuwa soya iliyobaki chini ya gunia ilikuwa ngumu zaidi, kipande nacho nikakiongeza.

Ilianza kama ulafi. Anamaliza chupa, anadai nyingine. Nilifurahi, mjinga mimi. Nikapika mara mbili kwa siku, nikampa, akanywa, akalia, nikampa tena. Kumbe mtoto ana kiu, nami ninachomnywesha ndicho kinachomtia kiu. Ijumaa midomo ilikuwa imekauka, kilio kimekuwa chembamba, cha juu, si kilio chake. Alikuwa hatulii, ukimgusa anashtuka. Mchana nilisikia mlango unabishwa, na ni Mama Rukia, unga mpaka kwenye viwiko. Hakungoja kukaribishwa.

"Mwanangu, nimemsikiliza huyu tangu asubuhi. Hiki si kilio cha njaa. Huyu ana kiu. Umempa maji?"

"Nimempa maziwa."

"Nakuuliza maji."

Akachota kwenye birika langu maji yaliyochemshwa na kupoa, akamnywesha kwa kijiko. Adhiambo alikigombea kijiko kile kwa fizi. Mama Rukia akaniambia tumpeleke hospitali. Nikasema baba yake anafika kesho, nimngojee. Nilijua ninachoogopa: kwamba nitaambiwa mtoto amenishinda. Hilo la kungoja najilaumu kwalo zaidi ya magadi. Magadi nilikuwa sijui. Kungoja nilijua.

Jumamosi baba yake alimkuta mkono mmoja unakakamaa wenyewe. Alimchukua akatembea mbele, mimi nyuma na furushi la nepi, mpaka wodi ya watoto, na kwa bahati Sista Wilkista alikuwa zamu huko siku ile. Alimlaza, akaminya ngozi ya tumbo, akaanza kukoroga maji ya chumvi na sukari kwenye kikombe, kama wanavyowapa watoto walioharisha wakakauka. Baba Adhiambo alikuwa anazungumza sasa, alikuwa na maneno mengi kuliko nilivyowahi kumsikia. Mtoto hii ilikuwa mzima wiki iliyopita. Kuna mtu ameipatia kitu. Nani anaingia kwa hiyo nyumba? Akanigeukia. "Huyo mama wa mahamri ameingia?"

"Aliingia jana."

"Akampa nini?"

"Maji. Kwa kijiko."

"Ndiyo hiyo! Nilijua! Maji gani? Ameweka dawa gani ndani?" Alikuwa amesimama, amekunja mikono ya shati, na nikaona wazi kabisa njia iliyofunguka mbele yangu. Sikuhitaji hata kusema uongo. Ilitosha ninyamaze tu.

Sista hakumjali. "Dorsila. Kwa hiyo maziwa umeweka nini?"

"Soya. Sukari. Mafuta. Matone."

"Na nini?"

"Ni hayo tu."

"Dorsila, nimeona watoto wengi. Nikikosea hapa hakuna kurudia. Na nini?"

Kikombe kilikuwa tayari mkononi mwake, kijiko ndani yake. Nilimtazama Adhiambo. Midomo yake ilikuwa imepasuka, na alikuwa amenikazia macho, si kwa kunilaumu, mtoto hajui kulaumu, alikuwa anangoja nimpe kitu kama nilivyozoea kumpa. Nilijua nikilitamka hilo neno sitampata tena. Kitanda, chupa, mkono kwenye sikio, vyote vinaishia hapo. Nikalitamka.

"Niliweka magadi."

Sista akaweka kikombe chini. Aliuliza kiasi gani, nikamwonyesha kipimo kwa ukucha kwenye kidole gumba, kisha nikaushusha ukucha kiongezeke, maana hata pale nilikuwa nimepunguza. Alikimbia, yule mwanamke mfupi alikimbia kweli kweli, akaita daktari, na nikasikia anamwambia kwamba chumvi ya magadi imejaa mwilini, asishtuliwe na maji ya ghafla, aende polepole. Baba Adhiambo alibaki amesimama na mikono yake iliyokunjwa. "Magadi gani?" akaniuliza, kwa sauti ndogo. "Ya kupika," nikasema.

Walimwekea dripu, tone moja moja, siku tatu. Mama Rukia alileta uji kwenye thamosi, akaniuliza mimi nimekula nini, na nilipomwambia kilichotokea hakusema neno la kunikemea. Alisema tu: "Mbona hukubisha, mwanangu? Mimi nilidhani wewe unajisikia, msichana asiyependa watu. Nimeishi na wewe ukutani miezi yote hiyo." Siku ya nne Adhiambo alilala usingizi wa kawaida, na alipoamka akainua mkono akatafuta sikio langu. Nilimwachia alipinde mpaka likaniuma.

Siku ya tano baba yake alikuja na mkebe. Mtu alikuwa ameuleta kwa basi kutoka Nairobi, ule ule wenye ganda la kijani. Kwenye mkono wa pili alikuwa ameshika sanduku langu. Alisimama mlangoni mwa wodi, na nikalijua sanduku kabla sijamwona yeye usoni.

"Nipe mtoto," akasema.

Nikampa. Nilitaka kumwonyesha namna ya kusawazisha kijiko kwa kisu, nikaanza kueleza, akanikatiza. "Nenda kwenu, Dorsila. Sina ubaya na wewe. Nikikuangalia nitakuwa naona hiyo siku tu." Sista Wilkista alinifuata mpaka lango la hospitali. Alinishika mabega akanigeuza. "Ungenyamaza, tungemmaliza sisi wenyewe, na mikono yetu. Umesikia?" Nikamwambia nimesikia. Haikunisaidia kitu siku ile. Mtu akikwambia umefanya vyema na mikono yako iko mitupu, unayasikia maneno lakini hayana pa kukaa.

Niliyoyaishi baada ya hapo ni mengi na si ya hadithi hii. Nilipika kwenye shule za chekechea miaka zaidi ya ishirini, watoto wa watu, mamia. Wangu Mungu hakunipa, na mume alipoondoka aliondoka kwa sababu hiyo. Katika jiko langu hakujaingia magadi mpaka leo. Mboga zangu ni chungu na wageni husema. Nimewahi kujiuliza, kwenye jioni ndefu, kama Bwana Ogola alimwambia mtoto wake kwamba nilikuwepo. Nikajijibu kwamba hakumwambia. Ilikuwa rahisi kuishi hivyo.

Basi pale matangani yule mwanamke akageuka, kikombe chake cha chai ya rangi mkononi, akaona changu. "Mama, chai yako imepoa kabisa. Nikuletee ingine?"

"Usijisumbue."

"Ulimjua Baba wapi?"

"Kaloleni," nikasema. Nilikuwa nimejiandaa kusema kanisani.

"Ai! Hiyo ni zamani sana." Akavuta kiti, akamhamisha mtoto bega lingine, msichana wa miezi minane hivi, macho makubwa. "Huko ndiko nilikuwa nife, unajua? Baba alikuwa anapenda hiyo hadithi. Kulikuwa na msichana alikuwa ananipikia maziwa ya soya, akaweka magadi."

"Na baba yako alisema nini juu yake, huyo msichana?"

"Alisema huyo msichana alisema." Akacheka kidogo. "Yaani, daktari hawakuwa wanajua, na huyo msichana angenyamaza, lakini akasema. Na Baba akamfukuza. Sasa wale wasichana walikuja kunilea nyuma yake, mmoja aliniangusha nikavunjika mkono, akasema nimeulalia vibaya. Siku nne hakuna mtu anajua. Ona." Akanyoosha mkono wa kushoto, nao kweli ulikuwa umepinda kidogo juu ya kifundo. "Kwa hivyo kwetu ilikuwa sheria. Hata uvunje nini, ukisema mwenyewe, hakuna mtu atakugusa. Baba alikuwa anasema, mimi nilifukuza ukweli kwa mlango, nikalipia kwa mkono ya mtoto."

"Hakumtafuta?"

"Baba?" Akatikisa kichwa. "Alikuwa anaona aibu. Ulimjua, si ulimjua."

Nilimjua. Nilitazama mkono ule, na hasira ikanipanda, hasira ya miaka hiyo yote, kwa yule mtu aliyelala ndani ya sanduku lake hatua chache kutoka kwetu na aibu yake. Mikono yangu isingemwangusha. Halafu nikakumbuka ilivyomnywesha. Nikakiweka kikombe chini mchangani.

"Niliweka magadi," nikasema.

Hakuelewa. Kisha akaelewa. Alinitazama usoni kwa muda mrefu, mtazamo ule ule wa baba yake wa Jumamosi, na sikujua unasoma nini, kama ambavyo sikuwahi kujua. Mtu akaita kutoka langoni kwamba feri imefika gatini, wageni wa Mbita wanapanda kuja huku, wenye nyumba wako wapi. Akasimama, akajipangusa uso kwa ncha ya leso. Akamtoa mtoto begani.

"Basi mshike," akasema. "Nikawapokee hawa. Akilia, chupa yake iko kwa huo mfuko."

Akamweka mapajani pangu, akaenda zake kuelekea langoni, wala hakugeuka nyuma. Nilikaa wima kama mtu aliyebebeshwa mayai. Nilingoja mtoto anishike sikio. Hakulishika, alikamata kifungo cha gauni langu, akakivuta, akakionja, akakichoka, na kilio kikaanza. Nikafungua mfuko nikatoa chupa. Niliinusa kwanza, kisha nikampa.